Vioo vya rangi ghorofani: Macho yapendezwa, mwili nao wasemaje?

MTOTO alikuwa wa siku nne. Mama yake, binti wa Ukunda aliyeolewa na kijana mfanyakazi wa hoteli, alinipigia simu akisema kitoto kinalala mno na hakinyonyi sawasawa. Kwa kuwa zahanati yangu haiko mbali na jumba lao jipya kando ya barabara ya ufuoni Diani, nilichukua mkoba wangu nikaenda kumtazama huko huko. Lifti ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, nami nikashukuru, maana wao wanakaa ghorofa ya sita.

Chumba kilikuwa kizuri. Ukuta wa magharibi, ule unaotazama barabara, ulikuwa wa kioo kutoka kiunoni hadi darini. Vipande vya rangi ya kahawia na vingine vya rangi ya asali vikipokezana. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Jua lilikuwa limeshika kioo sawasawa na kila kitu mle ndani kilikuwa kimegeuka asali: mimi, mama, bibi yake mtoto, hata shuka jeupe la kitanda. Nilimpima mtoto joto, nikasikiliza moyo na mapafu, nikamtazama ngozi na macho. Sikuona la kunitia wasiwasi. Nikamweleza mama amnyonyeshe mara kwa mara, nikaanza kufunga mkoba.

Hapo ndipo bibi, ambaye hakuwa amesema neno, aliponiambia, "Daktari, humu ndani sote tu manjano. Mtoe nje umwone."

Nilimbeba mtoto hadi kwenye ukumbi wa ngazi, ambako hakuna kioo bali upepo na mwanga mweupe wa mchana. Nikambonyeza ngozi kwa kidole kwenye paji la uso, kifuani, tumboni, mapajani. Alikuwa manjano hadi chini ya magoti. Jioni ile ile alikuwa hospitalini chini ya taa.

Kosa lilikuwa langu, wala silisingizii jengo. Nilifundishwa chuoni kwamba mgonjwa hutazamwa katika mwanga mweupe, nikasahau kwa sababu chumba kilipendeza. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama vioo hivi vya rangi kwa jicho jingine, na nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wangu wanavionaje.

Msomaji aliyepita Diani au Ukunda miaka ya karibuni amejionea mwenyewe. Watu wa rika langu wanakumbuka wakati ambapo kitu kirefu zaidi pale kilikuwa mnazi au mbuyu. Siku hizi kunajengwa majumba ya fleti za kuuzwa moja moja, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifungue njia ya kufika Kusini bila kungoja feri ya Likoni, wanunuzi kutoka Nairobi na ng'ambo hawahesabiki kama wageni tena. Na jumba jipya, ili lisifanane na la jirani, hutafutiwa rangi. Moja ni buluu, la pili kijani, la tatu rangi ya shaba.

Maoni niliyosikia hayafanani hata kidogo. Vijana wengi wanavipenda. Dereva mmoja wa bodaboda aliniambia kwamba jengo la kioo cha buluu ndilo humfanya ahisi Ukunda nayo imekuwa mji. Dalali mmoja alinihakikishia kwamba kioo cha rangi "kinapunguza jua", na nilipomuuliza kinapunguza kiasi gani, akacheka. Wapangaji ninaowatibu husifu kwanza, hasa kwamba mtu wa nje hakuoni mchana. Kisha wakikaa kidogo wanaanza kusema juu ya usingizi. Mzee mmoja mvuvi alilalamika kwamba asubuhi akirudi na ngalawa, jengo moja linamrushia jua usoni hata asiione mwanya wa miamba. Wazee wengine hawajali rangi kabisa. Swali lao ni moja tu: dirisha linafunguka?

Kwa maoni yangu ya kidaktari, hilo la wazee ndilo swali la kwanza. Lakini tuanze na jua.

Joto linalonunuliwa pamoja na nyumba

Watu wengi hudhani kwamba kioo chenye rangi lazima kiwe baridi kuliko kioo cheupe. Si lazima. Karibu nusu ya nguvu ya jua huja kwa miale isiyoonekana na macho, miale ya joto, na rangi unayoiona haikuambii kioo kinaifanyia nini miale hiyo. Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya jua. Kioo kilichotiwa rangi ndani ya kioo chenyewe hupitisha kidogo zaidi ya hapo chini, lakini kile kinachokizuia hukinywa. Kioo chenyewe hupata moto, kisha hutoa sehemu ya moto huo kuelekea ndani. Weka kiganja chako juu ya kioo cha kahawia saa kumi alasiri nawe utanielewa. Kioo chenye utando wa kung'aa kama kioo cha kujitazamia hurudisha jua lilikotoka, na ndicho huyo mvuvi wetu anachokilalamikia. Kipo pia kioo chenye utando maalumu unaozuia miale ya joto lakini unaopitisha mwanga, na hicho huweza kuonekana cheupe kabisa. Kwa hivyo rangi haitoshi kukuongoza.

Mchoraji ramani na muuzaji vioo wanaijua namba moja muhimu, iliyo kati ya 0 na 1, inayoonyesha ni kiasi gani cha joto la jua kinachopenya kioo hadi ndani. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo nyumba inavyopumua. Anayekuuzia fleti ya mamilioni ya shilingi anaweza kukutafutia namba hiyo.

Hebu tupige hesabu. Dirisha la kioo cheupe la mita sita za mraba, likipigwa sawasawa na jua la alasiri, laweza kuingiza ndani joto la kadiri ya pasi tatu za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Sasa fikiria kwamba kioo chako cha rangi kimepunguza pasi moja. Bado unalala na mbili.

Na upande una uzito wake. Kwale iko kama nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu ya utosi, na ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa na upenu mfupi tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio wenye taabu, kwa sababu asubuhi na alasiri jua huja chinichini na upenu hauliwezi. Bahari yetu iko mashariki, barabara iko magharibi, na majengo mengi yameelekeza vioo vyake huko huko, kwa ajili ya kuona na kuonekana.

Mwili hufanya nini ndani ya chumba hicho? Mwili wa binadamu hufanya kazi kwenye nyuzi 37 hivi za Selsiasi na hujipoza kwa jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, hasa mwezi wa Machi kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, wakati Mombasa na Kwale hufikia nyuzi 32 au 33 mchana. Jasho hutiririka bila kukauka, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi. Kijana mwenye afya ataona uchovu tu. Mzee mwenye maradhi ya moyo, anayemeza vidonge vya kumtoa maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu, ataona kizunguzungu, atakosa nguvu, na figo zake zitapata taabu. Watoto wachanga hawawezi kusema wala kujifunua. Mama mjamzito naye ahadharishwe, kwani Shirika la Afya Duniani linahusisha joto kali na kuzaa kabla ya siku na hata kuzaa mtoto mfu.

Usiku nao una hadithi yake. Ili ulale, mwili hushuka joto kidogo. Ukuta wa zege uliokunywa jua mchana kutwa huanza kulitema saa mbili usiku, na chumba kisichopitisha upepo hakipoi hadi alfajiri. Wagonjwa wanaokuja kwangu wakitaka dawa ya usingizi nimeanza kuwauliza dirisha lao linatazama wapi. Wachache wamepona kwa kuhamisha kitanda.

Mtu akizidiwa na joto hata akaanza kupayapaya, kuchanganyikiwa au kuzimia, na mwili wake ni moto kama nyuzi 40 au zaidi, hiyo ni dharura wala si jambo la kumpa panadol na kungoja. Mtoe kwenye joto, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mkimbize hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani.

Utaniambia kuna kiyoyozi. Ni kweli, kwa mwenye uwezo wa kulipa umeme wake. Lakini tarehe 10 Disemba 2023, Jumapili usiku, umeme ulikatika karibu nchi nzima, na Disemba kwetu ni msimu wa joto. Aliye na dirisha la kufungua alifungua. Aliye na ukuta wa kioo usiofunguka alishuka kwa ngazi akakaa nje.

Wazee wetu walikuwa na vioo vya rangi

Isidhaniwe kwamba nachukia rangi. Vioo vya rangi si vigeni katika pwani hii. Ukifika Unguja, katika Mji Mkongwe, pale Malindi mbele ya bandari, utaliona jengo linaloitwa Zahanati ya Zamani. Lilianzishwa mwaka 1887 na tajiri wa Kihindi Tharia Topan. Yeye alifariki mwaka 1891 na jengo likakamilika mwaka 1894. Baadaye likawa na zahanati na duka la dawa chini, ndipo likapata jina. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa na Amana ya Aga Khan ya Utamaduni. Roshani zake za mbao zimechongwa, na vioo vyake ni vya rangi: vyekundu, buluu, kijani. Mimi nilipoingia mara ya kwanza nilisimama tu pale uani kama mtoto.

Lakini angalia kile kioo kiko wapi. Ni vipande vidogo, aghalabu juu ya mlango au juu ya dirisha, chini ya kivuli cha roshani. Chini ya kioo kuna mbao zinazofunguka na kupitisha upepo. Kioo kilikuwa kwa ajili ya jicho, na dirisha lilikuwa kwa ajili ya pafu. Kadhalika katika Mji wa Kale wa Mombasa. Na hapa petu Diani, ingia Msikiti wa Kongo, ule mkongwe ulio karibu na mlango wa mto Mwachema, saa saba mchana, uone jinsi kuta nene za mawe ya matumbawe zinavyokupokea. Hakuna kiyoyozi kilichoufikisha karne zote hizo.

Majumba ya leo yamechukua rangi yakaacha upepo. Na upepo si starehe tu. Chumba kisichobadilisha hewa ni chumba ambamo mgonjwa mmoja wa kifua kikuu, asiyejijua, anawagawia wenzake. Homa za mafua vile vile. Dawa ya kwanza ya kuzuia hayo haihitaji cheti cha daktari: madirisha mawili yanayokabiliana, yote wazi, kusi iingie huku itokee kule.

Hapo wengi hunijibu, "Na mbu je?" Wavu wa waya dirishani, na chandarua kitandani. Wala anayekaa ghorofa ya nane asijidanganye kwamba mbu hapandi. Mbu wanaoleta dengi na chikungunya huzaliana kwenye tangi lisilofunikwa, chombo cha maji ya kiyoyozi na kisahani cha chungu cha maua, na Mombasa iliionja chikungunya vikali mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Buluu ya Marekani na buluu ya hospitali

Kuna mgonjwa wangu mmoja, mama mwenye duka pale Ukunda, aliyesikia kwamba kioo cha buluu "kinatibu". Uvumi huo una umri mkubwa kuliko anavyodhani. Mwaka 1876, huko Philadelphia, Marekani, bwana mmoja aitwaye Augustus Pleasonton alichapisha kitabu, kwa wino wa buluu juu ya karatasi ya buluu, akidai kwamba mizabibu na nguruwe wake walinawiri ajabu chini ya vioo vya buluu, na kwamba mwanga huo ungeponya maradhi ya watu. Mwaka 1877 Wamarekani walivamia maduka ya vioo. Wakaketi nyuma ya madirisha ya buluu wakingoja baridi yabisi iondoke. Haikuondoka, na wanasayansi wakaeleza jambo jepesi: kioo cha buluu hakiongezi kitu kwenye jua, hupunguza tu.

Hata hivyo, mwanga wa buluu unatibu jambo moja, nalo ndilo lililompata mtoto wetu. Siku za kwanza za uhai, chembe nyekundu za damu za mtoto huvunjika kwa wingi na kutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini, na ini lake changa halijaweza kukiondoa haraka. Ndiyo maana watoto wengi hugeuka manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, kisha hupona wenyewe. (Umanjano huu usichanganywe na homa ya manjano inayoletwa na mbu.) Lakini bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Mtoto hulegea, hulala mno, hukataa titi. Asipowahiwa anaweza kuwa kiziwi, kupooza viungo au kufa.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi mkuu aliyeitwa Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti uani wapigwe na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima isipokuwa pale shuka lilipokuwa limemfunika, ambapo alibaki manjano. Kutokana na jicho la muuguzi yule madaktari wakachunguza na mwaka 1958 wakatangaza kwamba mwanga, hasa wa buluu, huigeuza bilirubini ikaweza kutoka mwilini. Taa za hospitali zimetokana na hapo.

Sasa angalia kioo cha rangi ya asali. Kinaonekana hivyo kwa sababu kinazuia buluu. Kinamnyima mtoto mwanga wenye faida na wakati huo huo kinamfichia daktari ugonjwa. Kioo cha buluu au cha kijani nacho kina ubaya wake: humfanya mtu mzima aonekane amepungukiwa damu au amekosa hewa, na midomo iliyobadilika rangi kikweli ikaonekana ya kawaida.

Mama mwenye duka asikimbilie kumlaza mjukuu nyuma ya kioo cha buluu. Taa ya hospitali hupimwa nguvu yake, mtoto huvuliwa nguo, hufunikwa macho, na damu hupimwa. Huko Lagos, Nigeria, madaktari walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwamba jua lililochujwa kwa utando maalumu laweza kutumika pasipo na umeme wa kutegemewa, lakini ni chini ya macho ya wauguzi, huku joto la mtoto likipimwa. Jua la dirishani humchemsha mtoto kabla ya kumtibu.

Kadhalika kuna wazazi wanaoniambia hawamtoi mtoto nje kwa kuwa "jua analipata dirishani". Kioo cha kawaida, chenye rangi au kisicho na rangi, huzuia karibu miale yote inayoisaidia ngozi kutengeneza vitamini D. Mtoto wa nyuma ya kioo anaweza kuwa na matege katikati ya nchi ya jua. Lakini kioo hicho hicho hupitisha kiasi kikubwa cha miale mingine inayozeesha na kudhuru ngozi, na ndugu zetu wenye ualbino wasijione salama kwa sababu wako ndani. Kwao, na kwa yeyote mwenye ngozi dhaifu, kioo cha tabaka mbili kilichogandishwa na utando wa plastiki katikati ndicho kinachozuia karibu miale yote hiyo.

Na macho? Hapa nitawatuliza. Sijui madhara ya kudumu ya macho yatokanayo na kukaa katika chumba chenye kioo cha rangi. Kichwa kuuma kwa sababu ya mng'ao, hilo lipo, hasa kwa wenye kipandauso. Mng'ao wa nje ni hatari zaidi kwa mwendesha pikipiki anayemulikwa ghafla. London mwaka 2013 jengo moja refu, lenye ukuta wa kioo uliopinda kwa ndani, lilikusanya jua likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

Yote haya hujadiliwa wapi? Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya NEMA kutoa leseni, na Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Wananchi hualikwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo. Watu huuliza juu ya maji taka, visima kuingia chumvi, njia ya kwenda ufuoni, na wana haki. Juu ya vioo sijasikia swali hata moja, na nilipouliza mimi, bwana mmoja alinijibu kwamba rangi ni hiari ya mwenye mali. Rangi, ndiyo. Joto la chumba cha mtu atakayelala humo miaka 30, sidhani.

Unayetaka kununua, nenda ukaione fleti saa kumi alasiri, si saa tatu asubuhi. Simama chumba cha kulala, zima kiyoyozi, funga mlango, kaa robo saa. Fungua kila dirisha kwa mkono wako mwenyewe. Na ukiwa na mtoto mchanga humo, mtoe kwenye mwanga mweupe kila siku wiki ya kwanza na umbonyeze ngozi kwa kidole.

Mtoto wangu wa ghorofa ya sita alikaa chini ya taa siku mbili, akarudi nyumbani akinyonya kwa fujo. Masikio yake yatapimwa tena akifikisha miezi mitatu. Wazazi wamehamishia kitanda chake upande wa jikoni, ambako kuna dirisha dogo la vioo vyeupe vya kupandana linalofunguka. Waliomba ruhusa ya kubadilisha vioo vya chumbani kwa gharama yao wenyewe, wakajibiwa kwamba sura ya jengo ni lazima ibaki moja. Kikao cha wenye nyumba ni Jumamosi ijayo, na bibi amesema atahudhuria.